Kama Sikosei, Daktari: Neno "Presume" na Safari Zake Baada ya Ujiji

Lipo neno la Kiingereza ambalo mtoto wa Kigoma hulijua kabla hajaijua vizuri lugha yenyewe. Neno hilo ni "presume". Hulipata katika somo la historia, pale mwalimu anaposimulia jinsi Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alivyoingia Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, akavua kofia mbele ya mzungu mzee mwenye ndevu za mvi, Daktari Livingstone, akamtaja kwa cheo na jina, kisha akaifunga salamu yake kwa maneno mawili: "I presume". Mwalimu akiulizwa maana yake, jibu huwa fupi: nadhani. Darasa hucheka, na lina haki ya kucheka. Mtu katoka Bagamoyo kwa miguu, kahangaika njiani karibu miezi minane, kazika wenzake porini, halafu akifika mbele ya mtu aliyemfuata aseme "nadhani"?

Kasoro iko kwenye tafsiri. Kwa Kiswahili, anayesema "nadhani" anakiri kwamba hana hakika, na yuko tayari kuambiwa si hivyo. Stanley hakuwa katika hali hiyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku chache kabla ya kufika, akiwa upande wa mto Malagarasi, alikutana na msafara uliotoka Ujiji. Watu wa msafara huo wakamwambia kuwa yuko mzungu huko, mzee, mgonjwa, mwenye nywele nyeupe usoni, aliyetoka Manyema. Siku ya kuingia mjini, Susi, mtumishi wa Livingstone, alimkimbilia na kumwamkia kwa Kiingereza, na Chuma, mtumishi mwenzake, naye akafuata. Akawauliza kama Daktari yupo, wakamjibu yupo. Alipofika penye nyumba, wakubwa wa Kiarabu wa mji walikuwa wamekusanyika na huyo mzee kati yao, na mzungu mwingine Ujiji hapakuwapo. Sasa hapo kulikuwa na nini cha kudhani?

Alichokifanya Stanley ni kitu ambacho sisi pia hukifanya kila siku. Unamwona mtu stendi, sura unaijua, umeshaambiwa atashuka kwenye basi hilo, na hata begi lake umeelezwa rangi. Humwendei ukamwambia "Nadhani wewe ni Mzee fulani." Unamwendea kwa heshima: "Shikamoo. Kama sikosei, wewe ni Mzee fulani." Moyoni unajua hukosei. Unajifanya unaweza kukosea ili kumpa mwenzako nafasi ya kujitambulisha mwenyewe, usije ukaonekana unamkabidhi jina lake kwa nguvu. "Presume" ya Ujiji ni "kama sikosei". Ni hakika iliyovishwa adabu.

Waingereza wenyewe waliicheka salamu hiyo ilipochapishwa mwaka 1872, lakini walichekea jambo jingine. Maneno yalikuwa ya ukumbini, ya watu waliovaa suti wakisubiri kutambulishwa rasmi, nayo yakaletwa katikati ya umati wenye kelele, ngoma na bunduki kando ya Ziwa Tanganyika. Stanley alijieleza kwenye kitabu chake kwamba angependa kumkimbilia mzee yule na kumkumbatia, ila aliogopa mbele ya watu wengi, tena hakujua Mwingereza yule angempokeaje. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Mgeni asiyejua atapokewaje hujificha nyuma ya salamu ndefu.

Nifungue mabano kidogo. Wapo wanahistoria wenye shaka kama salamu hiyo ilitamkwa kweli. Katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano huo zimechanwa, na Livingstone, aliyeandika habari za siku ile, anataja bendera ya Marekani na mbio za Susi, wala hagusi salamu. Tarehe nayo ina ubishi: Stanley alisema 10 Novemba, na hesabu za Livingstone zinaurudisha mkutano nyuma hadi mwishoni mwa Oktoba. Kwa anayechunguza lugha hilo halidhuru. Lilitamkwa au lilitungwa baadaye, neno lilichapishwa, likasomwa, na tangu hapo jina la Ujiji linakwenda nalo.

Chimbuko lake ni Kilatini, "praesumere". Sehemu ya kwanza ni "kabla", ya pili ni "kuchukua" au "kutwaa". Kutwaa kabla, basi. Ukishika maana hii ya asili, maana zote za leo zinajipanga zenyewe. Unaweza kutwaa jambo kuwa ni kweli kabla ushahidi haujakamilika, na hapo tunapata "presume" ya kukisia kwa sababu. Unaweza pia kutwaa nafasi, ruhusa au heshima kabla hujapewa, na hapo tunapata "presume" ya utovu wa adabu. Kiingereza kimeziweka maana hizi mbili katika neno moja. Kiswahili kimezitenga mbali kabisa, kila moja na msamiati wake, ndiyo maana mfasiri anayetafuta neno moja la Kiswahili la kukidhi pande zote hulipata kwa tabu au halipati.

Kwa upande wa pili Kiswahili ni tajiri. Tunalo neno "ujuvi". Mjuvi ni yule anayejibu kabla hajaulizwa, anayeketi kabla hajakaribishwa, anayejua yasiyomhusu na kuyasema mbele ya wakubwa. Hiyo ndiyo "presumptuous" kwa usahihi kuliko "jeuri" au "kiburi" ninavyoviona katika tafsiri nyingi. Kiburi ni habari ya mtu na nafsi yake, na jeuri ina ugomvi ndani yake. Ujuvi ni kuvuka mpaka wa ruhusa. Vivyo hivyo usiuchanganye na kuringa. Mwaka 2012 wasanii wa Kigoma waliungana katika wimbo wao wa "Leka Dutigite", na nchi nzima ikajifunza maneno mawili ya Kiha: acha turinge. Anayeringa huringia kilicho chake. Mjuvi hutwaa ambacho bado si chake. Kitenzi tunacho pia. Mwingereza akifoka "How dare you presume", Mswahili husema "Nani kakupa ruhusa?" au "Umejitwalia tu?"

Kiingereza kina matumizi mengine hapo hapo, "presume on" au "presume upon", kwa maana ya kuutumia wema wa mtu kupita kiasi. Umekaribishwa siku tatu ukakaa miezi mitatu. Kwetu tunaliita kumzoea mtu vibaya, au kwa lugha ya mtaani, kumpanda mtu kichwani.

Ujiji hiyo hiyo ya 1871 ilikuwa na mfano ambao ungetosha kuwa somo zima la neno hili, nao haupewi nafasi shuleni. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema tarehe 23 Oktoba, amekonda, akitegemea kukuta vitambaa na shanga zilizotumwa kwa ajili yake kutoka pwani. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mzigo, ambaye Livingstone anamwita Sherif, alikuwa ameuuza wote. Kwa maelezo ya Livingstone, Sherif alidai ametazamia katika Kurani na kuona kwamba mwenye mali ameshakufa. Huyo sasa kafanya mambo mawili kwa pigo moja. Kamchukulia mtu kuwa ni marehemu bila ushahidi, kisha kajitwalia mali bila idhini. Kwa Kiingereza ungesema "he presumed" mara mbili na usiwe umerudia neno bure. Kwa Kiswahili utahitaji vitenzi viwili, na uamuzi wa mfasiri uko hapo.

Tena hii haikuwa mara ya kwanza kwa Livingstone kufishwa akiwa hai. Mwishoni mwa 1866 wafuasi wake waliotoka kisiwa cha Anjouan walimtoroka, wakarudi Zanzibar na hadithi kwamba ameuawa upande wa Ziwa Nyasa. Habari ikapelekwa London, wengine wakaiamini na wengine wakaikataa, hadi mwaka 1867 Edward Young alipotumwa na mashua hadi ziwa hilo, akauliza watu wa huko na kurudi na ushahidi kwamba hadithi ile ni ya uongo. Waingereza walikuwa na jina la hali aliyokuwa nayo Livingstone katika miezi hiyo, na bado wanalitumia: "presumed dead". Si "amekufa". Ni "anachukuliwa kuwa amekufa", na neno "anachukuliwa" ndilo linalomwacha hai.

Mambo haya si ya makumbusho. Fikiria mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Ametoka usiku wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa mwezi ukiwa haupo, na hakurudi. Huenda chombo kilipinduka. Huenda yuko Kalemie, au Mpulungu, au Rumonge, na ameanza maisha mengine. Ziwa lina nchi nne na kila upande una mwalo. Mke afanye nini? Aolewe? Mali igawanywe? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka kipimo cha miaka 5. Ikithibitika kwamba kwa muda huo mtu hajasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, mahakama inachukulia kuwa amekufa. Zingatia hilo sharti la "wale ambao wangetarajiwa kusikia". Jirani wa mtaa wa pili asiyesikia habari si ushahidi. Mama, mke, ndugu aliyekuwa akimpigia simu kila Idi, hao ndio ukimya wao unaohesabiwa.

Je, huko ni kudhani? Hapana. Anayedhani anatoa maoni. Mahakama hapo haitoi maoni kuhusu alipo mvuvi. Inahamisha mzigo wa kuthibitisha. Kabla ya miaka hiyo, anayesema kafa ndiye aliyepaswa kuleta ushahidi. Baada yake, anayesema yuko hai ndiye aulete, na akija nao, hata kama ni mvuvi mwenyewe anashuka kwenye boti na begi lake, ile hukumu ya kudhaniwa inaanguka. Kwa jicho la mwanasheria, "presumption" ni kanuni ya kuamua nani aongee kwanza na nani asubiri. Kwa hiyo neno "dhana", ambalo limeshika mizizi katika Kiswahili cha mahakamani, linafanya kazi nusu tu.

Neno lenyewe "dhana" limelemewa. Kwa asili ni la Kiarabu, na aliyesoma chuoni Ujiji, mji wenye misikiti na madrasa za zamani, amelikuta mapema kwenye maonyo ya kidini dhidi ya kudhaniana vibaya. Huko dhana ni jambo la kuogopa. Nenda chuo kikuu, dhana ni wazo la kitaaluma: dhana ya maendeleo, dhana ya ujamaa, dhana ya fasihi. Nenda mahakamani, dhana ni hii tunayoijadili. Mwananchi akisomewa kwamba mshtakiwa ana "dhana ya kutokuwa na hatia", anaweza kuelewa kuwa watu wanahisi-hisi tu kwamba huyo bwana hana kosa, na kumbe hakuna anayetakiwa kuhisi lolote. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), ililiepuka neno hilo kwa ustadi. Inapiga marufuku kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mwenye kosa mpaka kosa lithibitike. Haizungumzii mawazo ya mtu yeyote, inazungumzia kutendewa. Kwa maoni yangu hiyo ni tafsiri bora ya "presumption of innocence" iliyopata kuandikwa kwa Kiswahili, na neno "dhana" halimo.

Mwaka ule ule wa 1872 ambao kitabu cha Stanley kilitoka, India ilipata Sheria ya Ushahidi iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Sheria hiyo baadaye ililetwa na Waingereza huku na kutumika Tanganyika hadi tulipotunga Sheria yetu ya Ushahidi mwaka 1967. Stephen alilipima neno "presume" kwa mizani. Akatofautisha pale mahakama inapoweza kulichukulia jambo kuwa kweli ikipenda, na pale inapolazimika kulichukulia hivyo hadi likanushwe. Juu ya hayo akaweka jambo ambalo likishathibitishwa hakuna ruhusa ya kulipinga. Mfasiri wa sheria anayeandika "itadhaniwa" katika ngazi zote hizo amezibomoa. Ya kwanza ingefaa "mahakama inaweza kuchukulia", ya pili "mahakama itachukulia, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo". "Itahesabiwa kuwa" ningeiweka akiba kwa neno jingine la wanasheria, "deem", ambalo huamuru kitu kiitwe fulani hata kama kila mtu anajua sicho.

Mahali ambapo tofauti hizi zinawaumiza watu hasa ni kwenye ndoa. Kuna kauli utaisikia katika mitaa ya Kigoma, Mwanga, Gungu, Bangwe, na Dar es Salaam nzima: mkikaa pamoja miaka miwili mmeshakuwa mume na mke kisheria. Inasemwa kwa uhakika mkubwa, hasa na anayetaka kumtuliza mwenzake asidai harusi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa hakisemi hivyo. Kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika hali ambayo watu wanawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kuwa walifunga ndoa, na jambo hilo linaweza kukanushwa. Sifa mbele za watu ni sharti, si pambo. Na kukanusha kupo: mwanamume akileta cheti cha ndoa ya Kikristo aliyofunga na mwanamke mwingine, na ndoa hiyo bado hai, ile "presumption" inavunjika, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuoa tena. Miaka 2 haikumfanya mtu mke. Ilimpa nafasi nzuri ya kuanzia mbele ya hakimu. Kwa bahati, sheria haikumwacha mikono mitupu hata hapo: kifungu hicho hicho kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto hata baada ya dhana kuvunjika. Wangapi wanalijua hilo? Neno "dhana" likifasiriwa kama uhakika, mtu anajiona salama asipokuwa salama. Likifasiriwa kama kudhani-dhani, anakata tamaa kabla hajafika mahakamani.

Kiingereza kinayo istilahi ya kifalme inayoonyesha tabia hii ya "presume" vizuri. "Heir presumptive" ni mrithi wa kiti anayeweza kusukumwa kando akizaliwa aliye karibu zaidi. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alikuwa hivyo kuanzia 1936, kwa sababu baba yake angeweza bado kupata mtoto wa kiume. Februari 1952 alikuwa Kenya, upande wa Nyeri, pale baba yake alipofariki, na neno "presumptive" likamtoka palepale. Mrithi asiyeweza kusukumwa na mtoto yeyote atakayezaliwa huitwa kwa jina jingine.

Turudi ziwani, maana mwambao wa Kigoma umelijaribu neno hili kwa maelfu ya watu. Mwaka 2015, machafuko yalipoanza Burundi, watu walimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na maji, kisicho na barabara. Meli ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 na kuikamilisha Kigoma, ikawa inawabeba watu wapatao 600 kwa safari kuwaleta Kigoma mjini, na kipindupindu kikiwa kimeshaingia. Katika hali hiyo hakuna ofisa anayeweza kumhoji kila mmoja kwa nini amekimbia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaruhusu kundi zima kutambuliwa kwa pamoja: ukitoka mahali fulani, kwa wakati fulani, kwa sababu inayojulikana, unachukuliwa kuwa mkimbizi, na anayesema si mkimbizi ndiye alete hoja. Wataalamu huliita jambo hilo kwa Kilatini, "prima facie", lakini ndani yake ni "presumption" ile ile. Januari 2017 Serikali ilisitisha utaratibu huo kwa Warundi, na tangu hapo kila aliyefika alitakiwa kueleza sababu zake mwenyewe. Mtu aliyetoka kijiji kimoja na jirani yake, akachelewa wiki chache, alikuta mzigo wa kuthibitisha umehamia kichwani kwake. Hapo utaona kwamba neno hili la kutwaa kabla lina uzito wa mkate na hema.

Hospitali nazo zina historia yake. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kwenye zahanati ya mwambao alipewa dawa ya malaria bila kupimwa, na kwa Kiingereza tiba hiyo iliitwa "presumptive". Haikuwa ujinga, kwani malaria ilikuwa nyingi na darubini chache. Vipimo vya haraka vilipopatikana, Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Dhana ilipopata njia ya bei nafuu ya kuhakikiwa, haikuwa na haki ya kuendelea. Kwenye kifua kikuu neno limekwenda njia nyingine. Hadi 2013 aliyekuwa na dalili aliitwa kwa Kiingereza "TB suspect", yaani mshukiwa, kama mwizi. Shirika likaliondoa na kuweka "presumptive TB". Kiswahili chetu cha kliniki bado kinamwita "mshukiwa wa TB" mara nyingi, na mgonjwa anaondoka akijihisi ana kesi. "Mwenye dalili za TB" ingetosha, tena inaeleweka kuliko Kiingereza chenyewe.

Wafanyabiashara wa dagaa, migebuka na mawese wanalijua neno hili kwa sura ya makadirio. Kodi ambayo Kiingereza kinaiita "presumptive tax" tunaiita kodi ya makadirio, na hapa Kiswahili kimeshinda: neno limetoka kwa watu wanaolipa. Asiyetunza vitabu kamili vya hesabu hutozwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na mwaka 2019 kikomo cha mauzo cha kundi hilo kilipandishwa kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100. Kukadiria si kudhani, na mwenye duka anajua: kadirio unaweza kulipinga ukiwa na risiti.

Mtu atauliza tofauti yake na "assume". Wanaofundisha Kiingereza huieleza kwa kanuni ambayo haivunjiki mara nyingi: "presume" ina sababu nyuma yake, "assume" si lazima iwe nayo. Ukiniambia "tuchukulie kwamba bei ya dagaa itapanda", unaweka tu msingi wa hesabu, hiyo ni "assume". Ukisema "maboti hayakutoka kwa sababu ya mbalamwezi, kwa hiyo bei itakuwa imepanda", hiyo ni "presume". Lakini sababu haikuhakikishii kuwa umepata. Livingstone alikuwa na sababu za kuamini kwamba mto Lualaba ni chanzo cha Nile: mkubwa, na unaelekea kaskazini. Alikufa mwaka 1873 akiamini hivyo, na mwaka 1877 Stanley akaufuata mto huo hadi bahari ya Atlantiki, ulikuwa Kongo. Swali jingine la mito walikwenda kulihakiki wenyewe: walipokuwa pamoja Ujiji, Novemba 1871, walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini kuukagua mto Rusizi, ambao Ulaya ulibishaniwa sana kama unatoka ziwani au unaingia. Wakaukuta unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamewaambia hivyo wasafiri Burton na Speke tangu 1858, bila malipo.

Na kielezi "presumably" nacho kina mtego. Wafasiri hukiandika "inadhaniwa" na sentensi ikapooza. Kiswahili kinasema "bila shaka", na hapa lugha yetu imefanya mzaha wake: ukiyachukua maneno hayo neno kwa neno ni hakika tupu, lakini tunayatumia pale tusipokuwa na hakika kamili. "Bila shaka ameshafika Uvinza sasa hivi" maana yake ni kwamba hujui ila una sababu za kuamini. Ukiwa unajua kweli ungesema tu "ameshafika Uvinza". Pengine hakuna lugha inayoweza kusema nusu hakika bila kudanganya kidogo.

Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imeelekeza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na kazi ya kufasiri sheria inahitaji watu na kamusi. Ombi langu kwa wanaoifanya kazi hiyo ni dogo. Wasiandike "dhana" wala "itadhaniwa" kila wanapokuta "presume". Wajiulize kwanza ni nani atakayebeba mzigo wa kuthibitisha, kisha waandike "itachukuliwa kuwa, hadi ithibitike vinginevyo", hata kama sentensi itarefuka. Na mwalimu wa historia wa Ujiji akiulizwa tena na darasa, ajibu "kama sikosei".